Ruzuku ya Watu Waliolegea

Iko nchi moja iitwayo Neemani. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani zake huchorwa na Wizara ya Habari, na kila sikukuu ya uhuru nchi huongezwa ukubwa kidogo. Katika nchi hiyo umaskini ulipigwa marufuku kwa sheria. Si kwamba maskini walisaidiwa, la. Neno lenyewe ndilo lililofutwa. Aliyelitamka hadharani alilipa faini, na kama hakuwa na cha kulipa alifungwa, ingawa hakimu hakuruhusiwa kuandika kwa nini mtu huyo hakuwa na cha kulipa. Badala yake watu wa serikali walisema "jamii zilizolegea kiuchumi", kana kwamba watu ni kamba ya kuanikia nguo na ukiwavuta kidogo watakaa sawa.

Mji wa Lubigi ulikuwa umelegea kuliko miji yote. Ulijengwa kuzunguka kinu cha kuchambua pamba. Kinu kikauzwa kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, naye akang'oa mashine, akang'oa mabati, akang'oa hata reli iliyofika mpaka langoni, akaacha sakafu. Mto Nsimbo ulikata mji vipande viwili. Upande mmoja kulikuwa na soko, zahanati na ofisi ya mkuu wa wilaya. Upande wa pili, nyumba za waliokuwa wafanyakazi wa kinu, kaya zaidi ya mia sita. Daraja lililounganisha pande hizo lilikuwa kwenye orodha ya mali za kinu, kwa hiyo nalo liling'olewa.

Zahanati ile ilikuwa na mkunga mmoja, Nyamizi Kasubi, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye sauti iliyowafanya wanaume wavue kofia kabla hawajajua wamekosa nini. Watu wote walimwita Nesi. Tangu daraja ling'olewe, miaka tisa, Nesi alivuka mto kwa miguu, sanduku la vifaa kichwani na sketi kaikunja kiunoni, kwenda kuzalisha wanawake wa ng'ambo. Kiangazi maji yalimfika magotini. Masika mto haukuvukika. Wanawake wa ng'ambo walijifunza kuhesabu miezi ili wasijifungue masika, lakini tumbo halisomi kalenda.

Basi siku moja redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Sana, Baba wa Neema, Rais wa maisha na wa mambo mengine yatakayotajwa, ametoa Ruzuku ya Miundombinu kwa Jamii Zilizolegea Kiuchumi. Barabara, visima, madaraja. Jamii yoyote yenye shida ijaze fomu tu.

Nesi aliisikia habari hiyo akiwa anachemsha mikasi. Akazima jiko, akafunga zahanati kwa siku tatu, akapanda lori la mkaa kwenda makao makuu.

Ofisi ya Ruzuku ilikuwa ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa ya wageni wa nje tu. Nesi alimkuta ofisa mmoja aliyeitwa Tondolo, kijana mwenye tai pana na meza isiyo na kitu isipokuwa muhuri.

"Shikamoo, Mama," alisema Tondolo bila kuinua macho. "Umeambatanisha picha?"

"Marahaba. Picha ya nini, mwanangu?"

"Ya daraja. Fomu inasema hapa, kipengele cha nne: picha ya daraja linaloombwa, likivukwa na watu wasiopungua ishirini."

"Mwanangu, daraja halipo. Ndiyo maana nimekuja kuliomba."

Tondolo akamtazama kwa huruma, kama daktari anayempa mgonjwa habari mbaya. "Sasa, Mama, serikali itajuaje kwamba mnahitaji daraja kama hamjawahi hata siku moja kuonekana mnalitumia? Kesho na keshokutwa watu wataomba madaraja mahali pasipo na watu. Lazima tulinde kodi ya wananchi."

"Nina picha ya watu wakivuka mto kwa kushikana mikono."

"Hiyo inathibitisha kwamba mnavuka," alisema Tondolo. "Wanaovuka hawahitaji daraja."

Nesi alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya tisa siku mbili, asile chochote ila ndizi, akimwamkia kila mkubwa aliyepita akihema. Siku ya tatu mkubwa mmoja alijikwaa kwenye mguu wake na kuuliza huyu ni nani. Walipomwambia, akasema fomu yake ipokelewe bila picha, ngazi zipate kupitika. Hivyo ndivyo ombi la Lubigi lilivyoingia masijala.

Baada ya mwaka mmoja ikaja barua: Tume ya Kupima Dhiki itatembelea Lubigi. Jamii itapewa alama. Ikifikisha alama mia, itapata ruzuku.

Barua ile ilimkosesha amani mkuu wa wilaya, Mheshimiwa Mshindo Kapela. Kwa miaka sita alikuwa akiandika kwenye taarifa zake kwamba wilaya yake haina dhiki, na kwa taarifa hizo alikuwa amepandishwa cheo mara mbili. Akaita mkutano wa hadhara sokoni.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wageni wanakuja! Nani anataka kuniaibisha?"

Hakuna aliyetaka.

"Basi kila mtu avae viatu! Asiye na viatu akae ndani! Nyumba zinazoonekana kutoka barabarani zipakwe chokaa. Mbuzi wa gereza watagawiwa mtaa kwa mtaa, na kila kaya ionekane na mbuzi wake. Wageni wakiondoka, mbuzi wahesabiwe."

"Mheshimiwa," alisema Nesi kutoka katikati ya watu, "tukionekana tuna mbuzi na viatu, ruzuku tutaipataje?"

"Nesi, wewe ni mtumishi wa serikali. Kwani huna furaha?"

Tume ikaja na magari saba. Wajumbe walishuka, wakanywa soda kwenye ofisi ya Kapela, wakasimama ukingoni mwa mto kutazama nyumba za ng'ambo. Mwenyekiti wa Tume aliuliza kama kuna njia ya kufika kule. Akaambiwa hakuna, daraja ndilo linaloombwa. Akasema kwa masikitiko kwamba basi Tume haiwezi kuvuka, kwa sababu kanuni za usalama haziruhusu wajumbe kuingia majini. Zikaletwa darubini. Wakapima dhiki kwa darubini kuanzia saa nne mpaka saa sita, katibu akiandika.

"Naona mbuzi," alisema mjumbe mmoja.

"Punguza alama kumi."

"Naona mwanamke anacheka."

"Punguza tano."

Alikuwa Milembe, mke wa mchoma matofali. Alikuwa anacheka kwa sababu mbuzi wa gereza alikuwa amekula kofia ya mumewe. Lubigi ilipata alama tisini na tatu, ikakosa saba.

Masika yaliyofuata Milembe alishikwa na uchungu. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mumewe alikuja mpaka ukingoni asubuhi na mapema, akapiga kelele, Nesi akamsikia akiwa zahanati na akatoka mbio na sanduku lake. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Nesi aliingia mpaka kifuani, ukamng'oa, akashika mzizi, watu wakamvuta nje. Akaingia tena mahali pengine. Wakamvuta tena. Mara ya tatu wanaume wawili walimshika mikono kwa nguvu, naye akawang'ata.

Mwishowe akasimama ukingoni akawa anampigia kelele mwanamume yule wa ng'ambo, naye anakimbia nyumbani kufanya anachoambiwa, anarudi, anapiga kelele. Mlaze ubavu. Mshike hivi. Unaona nini? Umeona mguu au mkono? Maji yalikuwa yanameza nusu ya maneno. Ilipofika adhuhuri mwanamume yule alirudi akitembea, hakukimbia. Akakaa chini kwenye matope akimtazama Nesi.

Mama na mtoto walizikwa pamoja. Nesi hakuweza kwenda maziko, kwa sababu yalikuwa ng'ambo. Aliandika taarifa ya kifo kama sheria inavyotaka: nakala moja wilayani, nakala moja wizarani. Kwenye nafasi ya sababu ya kifo aliandika neno moja: *Mto.* Kisha akalikata akaandika: *Serikali.* Kapela alimwita akamwonya, naye akajibu kwamba akitaka kulifuta, kalamu ni hiyo.

Haikupita miezi miwili, barua ikaja kutoka Ofisi ya Ruzuku. Ilikuwa na muhuri wa dhahabu. Nesi aliisoma amesimama, mbele ya wanawake waliokuja kliniki.

"Tunayo furaha kubwa kuwapongeza wananchi wa Lubigi," iliandikwa, "kwa juhudi zenu. Kufuatia taarifa ya kifo cha mzazi mmoja, ambacho kwa mujibu wa kanuni kina thamani ya alama saba, jamii yenu sasa imefikisha alama mia kamili. Kifo cha mtoto hakikuhesabiwa, kwa kuwa hakuwa amesajiliwa. Hongereni sana, na msilegee!"

Mwanamke mmoja akauliza, "Nesi, wamesemaje?"

Nesi aliikunja barua mara nne, taratibu. "Wamesema Milembe ni alama saba," alijibu. Akaingia chumba cha dawa, akafunga mlango, na waliokuwa nje wakasikia chupa ikivunjika, halafu nyingine.

Ruzuku ikaanza kufanya kazi. Kwanza ilifanya semina ya kuwajengea watu uwezo wa kupokea daraja, kwenye hoteli ya makao makuu. Watu wa Lubigi hawakualikwa maana nauli haikutengwa. Kisha ikanunua magari ya kusimamia ujenzi. Kisha ikamlipa mtaalamu aandike kitabu kuhusu mito. Ilipomaliza safari hiyo yote ikafika Lubigi imechoka, na kilichobaki kikatosha kujenga bango.

Lakini lilikuwa bango! Fundi Gwamaka, mchomeleaji pekee wa mji ule, ndiye aliyepewa kazi, na hakuwahi kuona vyuma vizuri namna ile: mabomba mazito kama mapaja, mabati manene yaliyosimama kwenye fremu ya chuma, urefu wa hatua kumi na nane. Likasimamishwa ukingoni, mahali mto unapopita kati ya majabali, ambapo palipangwa daraja. Upande mmoja palichorwa uso wa Mheshimiwa Sana akitabasamu, na pembeni maneno: DARAJA LINAJENGWA HAPA KWA HISANI YA BABA WA NEEMA. Askari alikuja akasoma hadharani Sheria ya Heshima ya Sura, kwamba yeyote atakayeupiga jiwe, kuupaka, kuukanyaga au kuukunjia uso wake uso huo, atafungwa miezi sita.

Kisha hakuna aliyekuja tena. Mwaka ukapita. Masika yakaja, mtu mmoja akachukuliwa na maji, halafu wanafunzi wawili.

Asubuhi moja ya Jumamosi Nesi alikuwa kwenye karakana ya Gwamaka, akisubiri kuchomelewa mguu wa kitanda cha wazazi. Redio ilikuwa wazi. Waziri wa Miundombinu, Mheshimiwa Daktari Mwalimu Mhandisi Lutego, alikuwa analihutubia bunge.

"Napenda kuliarifu bunge lako tukufu," alisema, "kwamba daraja la Lubigi limekamilika kwa asilimia mia, na wananchi wanavuka huku wakiimba."

Makofi yakalia bungeni kwa muda mrefu. Gwamaka akazima mashine yake, akavua miwani.

"Nesi," alisema, "mimi nimesikia vibaya?"

Nesi alikuwa anatazama nje, kule majabalini. "Gwamaka, mto pale una hatua ngapi?"

"Kumi na nne. Tulipima tulipokuwa tunasimamisha lile…" Akamtazama. "Nesi, usiniingize matatani. Nina watoto."

"Najua. Nimewazalisha wote wanne. Wawili ng'ambo. Chukua grenda."

Walilishusha bango mchana kweupe, watu zaidi ya mia wakishika kamba. Gwamaka alikata mabomba akayalaza kama mihimili kati ya majabali, akalaza bango juu yake, akachomelea. Kulitokea ubishi kidogo: upande wa nyuma ulikuwa na vyuma vilivyojitokeza ambavyo vingewaangusha watu, kwa hiyo upande laini, wenye uso, ndio uliopaswa kuwa juu.

"Basi uwe juu," alisema Nesi, akapita wa kwanza na sanduku lake, kuanzia kidevuni mpaka kwenye utosi.

Kwa siku tisa Lubigi ilikuwa mji mmoja. Siku ya kumi wakaja askari.

Kesi ilimpa hakimu maumivu ya kichwa. Mwendesha mashitaka alidai kwamba Nyamizi Kasubi ameharibu bango la serikali na kukanyaga uso. Nesi akasimama kizimbani.

"Mheshimiwa Hakimu, Waziri alisema bungeni kwamba Lubigi kuna daraja. Kama lile si daraja, Waziri amelidanganya bunge. Kama ni daraja, mimi nimekosa nini kulivuka?"

Hakimu aliahirisha kesi mara tatu akapige simu. Mwishowe alisoma hukumu huku jasho likimtoka. Alisema kile kilichopo mtoni ni daraja kwa mujibu wa taarifa ya Waziri. Ni bango kwa mujibu wa Sheria ya Sura. Mshitakiwa hana hatia ya kuharibu bango, kwa kuwa bango halijawahi kuharibiwa bali limekamilika. Ila ana hatia ya kukanyaga uso, na pia ya kutumia daraja kabla halijazinduliwa. Miezi sita kwa kila kosa. Gwamaka akapewa onyo kali na cheti cha ukandarasi, ili kwenye faili apatikane mkosaji na pia mjenzi wa daraja.

Daraja likafungwa kwa kamba mpaka siku ya uzinduzi. Askari wawili walililinda, na watu wakarudi kuvuka majini, kando yake, wakilitazama. Askari walikuwa wakali sana kwa yeyote aliyeegemea.

Uzinduzi ulifanyika mwezi wa nne wa kifungo cha Nesi. Ratiba kutoka wizarani ilitaka shukrani zitolewe na mnufaika wa kike, mtu mzima, anayejua kusoma. Kapela alitafuta wilaya nzima. Kila mwanamke aliyeulizwa alisema macho yake hayaoni vizuri. Ikabidi Nesi aletwe kutoka gerezani, kavaa sare ya wafungwa, akisindikizwa na askari magereza wawili, karatasi ya shukrani mkononi.

Waziri Lutego alikata utepe, akahutubia kwa saa moja na robo. Alieleza kwamba daraja ni daraja. Halafu akampisha Nesi kwenye kipaza sauti.

Nesi alifungua karatasi. Kabla hajaanza, ikasikika sauti ya mwanamume kutoka ng'ambo, inapasuka: "Nesi! Nesi upo? Kabula! Kabula ameanza uchungu tangu alfajiri!"

Watu wote wakageuka. Nesi akakunja karatasi.

"Mheshimiwa Waziri," alisema kwenye kipaza sauti, kwa adabu, "umetuzindulia daraja, asante. Karibu basi ulivuke. Wa ng'ambo wanakusubiri."

Waziri akatabasamu, akainua mguu. Msaidizi wake akamvuta koti. Waziri akatazama chini, na chini ya kiatu chake alikuwapo Mheshimiwa Sana, naye akitabasamu. Waziri akarudisha mguu kama aliyegusa moto.

"Nitavuka… baadaye," alisema.

"Basi tangulieni nyinyi," Nesi aliwaambia askari magereza wake. Wakatazamana. Mmoja akauliza mwenziwe kama viatu vikivuliwa inahesabika ni kukanyaga. Mwenziwe akasema hajui, sheria haikutaja soksi.

Nesi akaingia darajani. Alitembea katikati kabisa, hakukimbia, miguu pekupeku kwenye bati lililopata joto, na hakuna aliyemfuata. Kapela alifoka, "Mkamateni!" Mkuu wa polisi akamwambia aanze yeye, Mheshimiwa, atoe mfano. Nyuma yake Nesi alisikia ubishi wa vifungu vya sheria ukipanda, Waziri akitaka mashua, mtu akisema mashua haikutengewa fungu. Kisha akasikia kitu kingine: nyayo. Wanawake wa sokoni walikuwa wanapita chini ya utepe mmoja mmoja, kila mmoja na mzigo wake, wanamkanyaga Mheshimiwa Sana bila haraka, puani, mdomoni, kwenye paji la uso, wanavuka kwenda kwao.

Mume wa Kabula alimpokea mwisho wa daraja. Akatazama ile sare, akatazama kundi la wakubwa waliokwama upande wa pili.

"Nesi, watakurudisha?"

"Wakipata njia ya kuvuka," alisema Nesi, akikunja mikono ya sare mpaka kwenye viwiko. "Maji ya moto mmeweka? Wembe mpya upo? Usisimame hapo, baba. Nionyeshe nyumba."